Mtumiaji Mwenye Kusita: Tahakiki ya Istilahi za Kompyuta na Uandishi wa Tafakuri

1. Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu istilahi za kompyuta huanza na mashine yenyewe. Huulizwa kifaa fulani kiitweje, sehemu zake zipewe majina gani, na tendo linalofanyika ndani yake lielezwe kwa kitenzi kipi. Wanaoulizwa maswali hayo aghalabu ni wahandisi, wafasiri na watunga kamusi, yaani watu ambao wamekwisha kuizoea mashine hiyo au walau hawaihofu. Makala haya yanakusudia kuanzia upande wa pili. Yanamchukua mtumiaji ambaye hakuiomba kompyuta, aliyeletewa kwa ajili ya kazi, naye huitumia kwa kusita. Kisha yanauliza hivi: mtu huyo akiketi jioni kuandika kwa Kiswahili yale aliyoyawaza kuhusu mashine hiyo, je, istilahi zetu zinamsaidia kusema alilo nalo moyoni, au zinamfunga kinywa?

Swali hili si la pembeni. Vigezo ambavyo kwavyo tunapima istilahi vinajulikana: ufupi, uwazi wa maana, kuafikiana na mfumo wa sauti za lugha, na uwezo wa kuzaa maneno mengine. Vigezo hivyo ni vyema, lakini vyote hupimwa mezani. Maandishi ya mtu anayetafakari juu ya kazi yake ni mahali pengine pa kuyapima maneno, kwa kuwa pale neno halisimami peke yake katika safu. Linabeba sentensi, na sentensi inambeba mtu. Hoja ya makala haya ni kwamba mahali hapo huonekana kasoro ambazo orodha haiwezi kuzionyesha, na kwamba kasoro kubwa kuliko zote haimo katika majina ya vifaa bali katika swali la nani anatenda.

2. Jina la maandishi yenyewe

Kabla ya kuzungumza juu ya maandishi hayo, hapana budi kuyapa jina. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana, na kila moja lina mipaka yake.

Shajara ni kitabu cha matukio ya kila siku. Mkazo wake umo katika tarehe na tukio, si katika mawazo. Kumbukumbu ni neno pana, lakini ofisini limekwisha kuchukuliwa na mihutasari ya vikao na namba za majalada, hata karani akiambiwa aandike kumbukumbu hataelewa kwamba anatakiwa kueleza alivyojisikia. Tawasifu inadai habari za maisha mazima. Insha ingefaa sana kwa asili yake, ila shule zetu zimeifunga katika chumba cha mtihani, hivyo mtu mzima akiisikia hukumbuka alama alizonyimwa. Taamuli ni fikira nzito iliyo jirani na ibada. Mwalimu aliyeshindwa kufungua jalada la alama za wanafunzi angeona haya kuiita habari yake taamuli.

Yanabaki tafakari na tafakuri, na hapa pana mchafuko ambao si vigumu kuuondoa. Wengine huandika "tafakari ya mwalimu", wengine "tafakuri ya mwalimu", na wengine huyatumia yote mawili katika ukurasa mmoja. Inafaa tafakari ibaki kitenzi, na tafakuri iwe nomino ya tendo hilo na zao lake. Basi anayetafakari huandika tafakuri, na aina hiyo ya maandishi iitwe uandishi wa tafakuri.

Walimu wa Tanzania wanalijua neno hili kutokana na andalio la somo, ambamo tafakari ilikuwa miongoni mwa hatua za kipindi. Si jambo geni kukuta mahali pa mawazo ya mwalimu pameandikwa: "Somo limeeleweka." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina mtu ndani yake. Haisemi nani alieleza, nani alielewa, nani alibaki nyuma, wala mwalimu atabadili nini kesho. Ni taarifa iliyovaa kanzu ya tafakuri. Kwa hiyo tunaweza kutoa fasili hii: tafakuri ni maandishi ambamo mwandishi mwenyewe yumo ndani ya sentensi, akieleza kilichotokea, alichokiwaza kilipotokea, na lililobadilika katika kutenda kwake baada ya hapo. Penye upungufu wa moja katika hayo matatu, ni aina nyingine ya maandishi.

3. Kusita si ujinga

Upande wa mtumiaji nako msamiati wetu una pengo. Mtu asiyeipokea mashine mpya kwa furaha huitwa mshamba, au husemwa kuwa amepitwa na wakati. Majina hayo yanahukumu bila kueleza. Mtaalamu wa istilahi hana budi kutenganisha dhana nne ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya: asiyejua, ambaye hakufundishwa, mwoga, ambaye anadhani ataiharibu mashine au mashine itamharibu, mpinzani, ambaye amekwisha kukata shauri, na mwenye kusita. Huyu wa nne anajua kutumia, au anaweza kujifunza, wala hajakataa. Anayesita njiani hakurudi nyuma. Amesimama kutazama aendako. Kwa dhana hii tunapendekeza maneno "mtumiaji mwenye kusita". Ni marefu kuliko istilahi moja, lakini hayatukani mtu.

Mifano miwili itaonyesha kwamba kusita kwaweza kuwa aina ya maarifa. Wa kwanza ni wa nchi. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila ya kibali, na masharti hayo yalilegezwa baadaye hata yakaondolewa katika miaka ya 1990. Mtu anaweza kuusifu uamuzi ule au kuulaumu, lakini hawezi kuuita ujinga, maana Serikali ilikuwa imeitumia mashine hiyo kwa miaka tisa ndipo ikasimama. Kwa mizani yetu, ilikuwa mtumiaji mwenye kusita. Jambo la kusikitisha kwa upande wa lugha ni kwamba kusita kule kumebaki katika amri na ripoti. Laiti makarani walioihudumia mashine hiyo wangalizoea kuandika tafakuri kwa Kiswahili, tungalikuwa na hazina ya maneno ya watu waliokutana na kompyuta kabla hatujaanza kuitafutia majina.

Mfano wa pili ni wa mtu mmoja. Mwaka 1987 mwandishi na mkulima wa Kentucky, Marekani, Wendell Berry, alichapisha insha fupi akieleza kwa nini hatanunua kompyuta. Aliandika kwa mkono, na mkewe akayapiga chapa maandishi yake kwa taipureta ya Royal iliyonunuliwa mwaka 1956. Thamani ya insha hiyo haimo katika kukataa, bali katika vigezo alivyoviorodhesha kwa ajili ya chombo kipya: kiwe na bei nafuu kuliko kile kinachokiondoa, kifanye kazi bora kwa namna inayoonekana, kitumie nishati kidogo, kiweze kutengenezwa na mtu wa akili za kawaida, tena kisivunje jambo jema lililokwisha kuwapo, ukiwamo uhusiano wa watu nyumbani na jirani. Vigezo kama hivi havitoki kwa muuza mashine. Hutoka kwa mtu aliyesita akajiuliza sababu.

Lakini tahakiki ya haki haina budi kutaja na upande wa pili. Insha hiyo ilipochapishwa tena katika jarida la Harper's, baadhi ya wasomaji walimwuliza mwandishi habari za mke yule anayepiga chapa: je, yeye si ndiye anayefanya kazi ambayo kompyuta ingeifanya? Berry alitoa majibu yake, na kila msomaji anaweza kuyapima. Kwetu sisi linalohusu ni aina ya swali lenyewe. Wasomaji wale waliitafuta sentensi ambamo mtenda kazi hakuonekana sawasawa, wakadai aonekane. Swali hilo tutalirudia katika sehemu ya tano.

4. Istilahi mbele ya mtu anayesita

Sasa tuziweke baadhi ya istilahi zetu mbele ya mtu huyu, tuone zinamfaa vipi anapoandika.

Kompyuta, tarakilishi, ngamizi. La kwanza ni la mkopo, nalo limeenea. La pili limeundwa kwa kuunganisha vipande vya tarakimu na akili, na linatumiwa zaidi na waandishi wa Kenya. La tatu huonekana katika baadhi ya orodha. Mezani, tarakilishi lina sifa nyingi: limetokana na maneno yaliyomo katika lugha, na linadokeza kazi ya chombo. Lakini mwenye kusita huuliza swali jingine: neno hili linanitaka nikubali nini? Tarakilishi linamtaka akubali kwamba mashine ina akili, na huenda hilo ndilo analolitilia shaka. Ngamizi nalo, kwa masikio yake, lina ujirani na angamiza. Litamchekesha au kumtisha, na yote mawili yatampotezea fikira. Kompyuta halimdai chochote. Hiyo ni fadhila ya neno la mkopo ambayo hatuitaji mara nyingi: halitoi hukumu.

Kipanya. Hii ni tafsiri ya sisisi, na mnyama mwenyewe si geni, ila katika miji ya Tanzania vipanya yalikuwa pia mabasi madogo ya abiria. Waandishi wengine hutumia puku. Neno hili halina madhara. Mtumiaji hulicheka siku ya kwanza na kulizoea ya pili. Tusipoteze muda mwingi hapa.

Pakia na pakua. Hapa wataalamu wetu walifanya kazi njema. Chombo hupakiwa shehena bandarini na kupakuliwa, na chakula hupakuliwa chunguni. Mama lishe na kuli wote wawili wanajua kwamba anayepakua ana mikono, na kwamba kilichopakuliwa kilipakiwa au kupikwa na mtu. Mwenye kusita anaweza kuandika, "Nimepakua nisichokijua mpishi wake," na sentensi ikamtosha. Istilahi inayomruhusu mtumiaji kutunga tamathali yake mwenyewe imefaulu.

Hifadhi. Neno hili ni zuri kuliko tulivyokusudia. Mtoto wa madrasa huhifadhi Kurani, yaani huiweka moyoni. Mzee huhifadhi hati katika kasha. Na sasa karani huhifadhi jalada katika mashine. Maana hizo tatu zinagombana, na ugomvi huo ndio kiini cha hofu ya watu wengi: je, nilichokihifadhi ndani ya mashine bado nimekihifadhi? Hofu hii si ya leo. Katika Phaedrus ya Plato imo hadithi ya mfalme Thamus, aliyeletewa sanaa ya kuandika na kuambiwa kwamba itaongeza kumbukumbu. Naye akajibu kwamba itawafanya watu wasahau, kwa kuwa watategemea alama za nje. Kiswahili kimeliweka swali hilo zima ndani ya kitenzi kimoja. Ingekuwa hasara kukibadili.

Nywila. Neno hili humkabili mtumiaji mlangoni kabisa, katika mifumo mingi ya huduma. Ni fupi, na linatamkika. Lakini asiyelijua hana pa kulishika: hakuna mzizi anaoutambua wala neno jirani la kumwongoza. Karibu yake lipo neno la siri, au nenosiri, ambalo hata mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza hulielewa. Istilahi ngumu yaweza kuvumilika ndani ya nyumba, mlangoni haivumiliki.

Kishikwambi. Huu ni mfano unaotutahadharisha dhidi ya kuitegemea mno hoja iliyotangulia. Mzizi wa neno hili hauonekani waziwazi kwa msemaji wa kawaida, ingawa mwanzo wake unakumbusha kushika. Hata hivyo limeenea. Sababu ni kwamba jina na kitu vilifika pamoja. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 makarani walifanya kazi kwa vishikwambi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu. Watu wengi walilipokea neno na chombo kwa mkono mmoja. Tarakilishi halikupata bahati hiyo Tanzania, kwa kuwa lilikuta kompyuta limekwisha kukaa midomoni. Basi uwazi wa maana husaidia, lakini wakati nao una nguvu zake.

5. "Mfumo umekataa"

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo orodha haliwezi kulionyesha. Tazama jinsi Kiswahili kilivyozipokea mashine za zamani. Twasema kupiga simu, kupiga picha, kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga taipu. Kitenzi ni kile kile, na mtenda ni mtu daima. Mashine imekaa mahali pa yambwa, chini ya mkono. Ilipokuja kompyuta, mpangilio huo ulibadilika. Hatusemi kupiga kompyuta. Twasema kuingia, kufungua, kutoka. Yaani mashine imekuwa nyumba na mtumiaji amekuwa mgeni anayebisha hodi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mambo yamepinduka: aliyekuja ni mashine, na aliyepewa jembe ni mwenyeji.

Hatua iliyofuata ni nzito zaidi. Katika madirisha ya huduma husikika kila mara: mfumo umekataa, mfumo hauko sawa, mtandao unasumbua. Msemo wa namna hii si mgeni katika lugha. Dereva husema gari limekataa kuwaka, na hakuna anayedanganyika, kwa kuwa dereva mwenyewe amesimama kando ya gari na ufunguo mkononi. Lakini mfumo hauonekani, na hakuna aliyesimama kando yake. Hivyo mfumo unapokataa, mwananchi huondoka bila kumjua aliyekataa, wala wa kumlalamikia. Sarufi imemfuta mtu, na haki yake imefutika pamoja naye.

Linganisha maandishi mawili yaliyotungwa kwa ajili ya makala haya. La kwanza: "Jumatatu mfumo ulikuwa na tatizo. Barua tatu hazikutumwa. Suala limefikishwa panapohusika." La pili: "Jumatatu nilishindwa kutuma barua tatu. Nilijaribu mara nne. Mzee aliyekuwa akingoja nilimwambia mfumo umekataa, akaniuliza mfumo ni nani. Nilimwandikia barua yake kwa mkono, nikaipeleka mwenyewe kwa afisa wa ghorofa ya pili." La kwanza ni taarifa, na vitenzi vyake havina mtu. La pili ni tafakuri: lina mtenda, lina aliyetendewa, na lina badiliko. Tena ni la mtu mwenye kusita. Aliyeizoea mashine asingeliona swali la mzee kuwa swali. Angelichukulia kuwa upungufu wa elimu. Mwenye kusita alisikia kwamba mzee anajua sarufi: kitenzi kataa kinadai mwenye nia.

Nalo jibu limo ndani ya lugha. Mfumo ni neno la fuma. Nguo hufumwa, na kilichofumwa kina mfumaji. Mtandao nao ni wa tanda, na kisichotandwa na mtu hakitandi. Wazee wetu wa istilahi, walipochagua maneno haya, waliacha mlango wazi wa kumrudisha mtu. Ni sisi tuliyoyatumia kana kwamba ni majina ya miungu isiyo na anwani.

6. Mapendekezo

Kwa mintarafu ya hayo yaliyotangulia, yanapendekezwa mambo manne.

(a) Tafakuri ikubaliwe kuwa nomino na tafakari kitenzi, na maneno "uandishi wa tafakuri" yaingizwe katika orodha za elimu pamoja na fasili inayoyatenga na taarifa, shajara na kumbukumbu.

(b) Kabla ya kusanifisha fungu la istilahi za kompyuta, zikusanywe tafakuri fupi za walimu, wauguzi na makarani, hasa wale wenye kusita, zilizoandikwa kwa maneno yao wenyewe. Neno watakalolikwepa mara kwa mara linahitaji kutazamwa upya, hata kama lina sifa zote za mezani.

(c) Kila istilahi ya tendo itolewe pamoja na sentensi ya mfano ambayo kiima chake ni mtu: "karani amehifadhi jalada", si "jalada limehifadhiwa". Kamusi inayotoa mifano isiyo na watu hufundisha lugha isiyo na watu.

(d) Wafasiri wa maandishi ya kiooni wachague, kila inapowezekana, kauli inayotaja ofisi au mtu anayewajibika. "Hatukulipokea ombi lako kwa sababu halina namba ya kitambulisho" ni tafsiri bora kuliko "Ombi limekataliwa", hata kama ya pili ndiyo iliyo karibu na maneno ya asili.

Mapendekezo haya hayadai fedha nyingi. Yanadai kwamba mtu anayesita asihesabiwe kuwa kikwazo cha maendeleo ya istilahi, bali awe msomaji wake wa kwanza. Istilahi zitaendelea kuongezeka kadiri mashine zinavyoongezeka, na hakuna baraza litakalozikamilisha. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba katika kila neno tunalolitoa, mwalimu wa kijijini na karani wa wilaya wanaweza kuandika sentensi inayoanza na "mimi" na kumwisha mtu mwingine aliyehudumiwa.